Unabii na Taarifa ya Habari

Kuoanisha Biblia na matukio ya dunia ni desturi yenye umri karibu sawa na Ukristo wenyewe. Vita vikizuka Mashariki ya Kati, tetemeko likibomoa mji, serikali ikitangaza kitambulisho kipya, hakosekani mhubiri wa kufungua Danieli au Ufunuo na kutangaza kwamba jambo hilo lilikwisha kuandikwa. Kwa msikilizaji, kinachofanyika ni kusoma tu: andiko hili hapa, tukio lile pale. Lakini kati ya andiko na tukio ipo kazi kubwa ya kufasiri, yenye kanuni na hesabu zake, na kazi hiyo ndiyo iliyowezesha aya zilezile kumtaja Mturuki katika karne ya 16, Papa katika karne ya 18 na Mrusi katika karne ya 20.

Maandiko yenyewe si mengi. Danieli ana sanamu ya madini mbalimbali, wanyama wanne wanaotoka baharini, na sura za hesabu, hasa ya 8 na ya 9. Ezekieli 38 na 39 zina habari za Gogu wa nchi ya Magogu anayeishambulia Israeli kutoka pande za kaskazini. Mathayo 24, pamoja na Marko 13 na Luka 21, inaorodhesha vita, njaa, matetemeko na manabii wa uongo. Zipo barua mbili za Paulo kwa Wathesalonike, na juu ya yote upo Ufunuo wa Yohana. Anayezijua sura hizi, ambazo zote kwa pamoja husomeka kwa siku moja, anaweza kufuata karibu kila mahubiri ya siku za mwisho.

Kila andiko lilikuwa na wasomaji wake wa kwanza. Wataalamu wengi wa Biblia hukihusisha kitabu cha Danieli, kwa umbo lake la sasa, na enzi ya Antioko wa Nne, mfalme wa Shamu aliyelinajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 KK; wenye msimamo wa mapokeo hukirudisha nyuma hadi uhamisho wa Babeli, karne ya 6 KK. Ufunuo, kwa maoni ya wengi, uliandikwa mwishoni mwa karne ya kwanza, na ulipelekwa kwa makanisa saba ya Asia Ndogo. Mkristo wa Efeso au Smirna aliyesikia habari za mwanamke aliyeketi juu ya milima saba hakuhitaji mtu wa kumwambia kwamba mji unaosemwa ni Roma. Mafumbo hayo yalikuwa njia ya watu wanaoteswa kuisema dola bila kuitaja.

Dola ile ilipoanguka, mafumbo yalibaki, na hapo ndipo kazi ya mfasiri ilipoanza. Kwanza huipa ishara jina: mnyama huyu ni mfalme fulani, pembe hizi ni mataifa fulani. Mfano unaojulikana kuliko yote ni hesabu ya 666 katika Ufunuo 13. Waebrania na Wagiriki walitumia herufi kama tarakimu, kwa hiyo kila jina lilikuwa na jumla yake. Jina la Kaisari Nero likiandikwa kwa herufi za Kiebrania linatoa 666. Likiandikwa kwa kufuata matamshi ya Kilatini linatoa 616, na kuna nakala za kale za Ufunuo zenye 616. Irenayo, askofu wa Lyon, aliyeandika karibu mwaka 180, aliijua tofauti hiyo. Alijaribu majina matatu, kisha akashauri kwamba ni salama zaidi kungoja kuliko kubahatisha. Ushauri wake haukusikilizwa. Mapapa, Napoleon, Hitler na wengine wengi wamepitishwa katika mzani wa 666. Rais Ronald Wilson Reagan alihesabiwa kwa sababu tu kila moja ya majina yake matatu lina herufi sita, na nyumba aliyohamia Los Angeles baada ya kustaafu ilibadilishwa namba kutoka 666 kuwa 668.

Kazi ya pili ni hesabu za miaka. Katika Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6 siku moja inasimama badala ya mwaka mmoja. Aya hizo zinahusu adhabu ya Israeli jangwani na tendo la ishara la nabii, lakini wafasiri walizigeuza kuwa kanuni ya jumla: popote unabii utajapo siku, soma miaka. Kwa kanuni hiyo siku 1,260 za Ufunuo na siku 2,300 za Danieli 8:14 huvuka karne na kufikia popote mfasiri anapotaka, ilimradi achague vizuri mwaka wa kuanzia. Hesabu nyingine hutokana na Zaburi ya 90 na 2 Petro 3:8, ambako miaka elfu ni kama siku moja mbele za Mungu; kwa kuwa uumbaji ulichukua siku sita, dunia itadumu miaka 6,000. Hippolito wa Roma, mwanzoni mwa karne ya 3, aliweka kuzaliwa kwa Kristo katika mwaka wa 5,500 tangu uumbaji, na hivyo mwisho ukaangukia mwaka 500. Mwaka 500 ulipofika, Hippolito alikuwa amekufa zaidi ya karne mbili.

Juu ya kazi hizo mbili lipo sharti, ambalo mara chache hutetewa kwa sababu halisemwi kabisa: kwamba kizazi cha msomaji ndicho cha mwisho. Bila sharti hilo, majina na hesabu hazina mahali pa kutua.

Augustino, aliyefariki mwaka 430, aliufunga mjadala kwa muda mrefu kwa kufundisha kwamba miaka elfu ya Ufunuo 20 ni wakati wa Kanisa wenyewe, wala si muda wa kupigiwa hesabu. Mageuzi ya Kiprotestanti yaliufungua upya. Majeshi ya Waturuki yalipouzingira mji wa Vienna mwaka 1529, Martin Luther aliharakisha kutafsiri sura mbili za Gogu, akazichapisha mwaka uliofuata kabla ya kumaliza manabii wengine, na kumtambulisha Gogu kuwa ndiye Mturuki. John Napier wa Scotland, aliyevumbua logarithi, alithamini zaidi kitabu chake cha 1593 juu ya Ufunuo, kilichokadiria mwisho kati ya 1688 na 1700. Isaac Newton naye aliandika mengi juu ya Danieli. Katika karatasi moja ya mwanzoni mwa karne ya 18 alijumlisha miaka 1,260 na mwaka 800, akapata 2060, huku akieleza kwamba nia yake ni kuwanyamazisha watu wanaotangaza tarehe za karibu kisha wakauaibisha unabii zinapopita. Werevu wa mtu, basi, haukuwa kinga dhidi ya hesabu hizi. Pengine uliwavutia zaidi waliopenda tarakimu.

Mapinduzi ya Ufaransa yaliwapa wafasiri ushahidi walioungoja. Februari 1798 jeshi la Ufaransa chini ya Jenerali Berthier liliingia Roma na kumteka Papa Pius wa Sita. Waliokuwa wamehesabu miaka 1,260 ya utawala wa mapapa tangu mwaka 538 waliona jumla imetimia barabara. Kutoka hapo ilionekana hakuna sababu ya hesabu nyingine kutotimia.

William Miller, aliyezaliwa mwaka 1782, alikuwa mkulima wa jimbo la New York na nahodha katika vita vya Marekani na Uingereza vya 1812. Alitoka vitani na maswali mengi kuliko imani, akaokoka katika kanisa la Kibaptisti, na kwa miaka miwili akaisoma Biblia aya kwa aya akitumia fahirisi ya maneno. Danieli 8:14 inasema patakatifu patatakaswa baada ya siku 2,300. Miller aliichukua dunia kuwa ndiyo patakatifu, na moto wa kurudi kwa Kristo kuwa ndio utakaso. Akaanzia mwaka 457 KK, mfalme Artashasta alipompa Ezra ruhusa ya kurudi Yerusalemu, akafika mwaka 1843. Alikaa na jibu hilo zaidi ya miaka kumi kabla ya kuanza kulihubiri mwaka 1831, jambo linaloonyesha kwamba hakuwa tapeli.

Kilichoukuza ujumbe wake ni Joshua Himes, mchungaji wa Boston mwenye kipaji cha matangazo. Kuanzia 1840 alichapisha gazeti, akanunua hema kubwa la mikutano, na wahubiri wakatembea na chati za kitambaa zenye wanyama wa Danieli na tarakimu zao. Matukio ya asili yaliingizwa kwenye orodha: tetemeko la Lisbon la 1755, siku ya giza iliyoikumba New England tarehe 19 Mei 1780, na mvua ya vimondo ya Novemba 1833.

Mfano mzuri zaidi wa ufundi huu ulitolewa na mwenzao Josiah Litch. Ufunuo 9:15 unataja saa, siku, mwezi na mwaka. Kwa kanuni ya siku kwa mwaka, Litch alipata miaka 391 na siku 15, akatabiri kwamba dola ya Waturuki ingeanguka tarehe 11 Agosti 1840. Katika majira hayohayo Sultani, akisumbuliwa na Muhammad Ali wa Misri, alikubali ulinzi wa mataifa ya Ulaya. Wafuasi wakatangaza kwamba unabii umetimia mpaka siku yake. Dola hiyo iliendelea kuwapo hadi 1922. Neno "kuanguka" lilibadilika maana kimyakimya likawa "kutegemea msaada wa wageni", na wengi hawakugundua.

Mwaka wa Miller ulipopita, mfuasi wake Samuel Snow alisahihisha hesabu: hakuna mwaka sifuri kati ya KK na BK, na utakaso wa patakatifu ulifanyika siku ya kumi ya mwezi wa saba wa Kiyahudi. Tarehe mpya ikawa 22 Oktoba 1844. Makumi ya maelfu waliamini. Wengine waliacha mazao shambani, kwa kuwa kuvuna kungekuwa kukana imani. Asubuhi ya tarehe 23 ndiyo iliyokuja kuitwa Kukata Tamaa Kukubwa. Miller alikiri kosa la hesabu na kufariki mwaka 1849 akiwa bado anamngoja Bwana.

Kilichofuata kina mafunzo zaidi kuliko tarehe yenyewe. Kikundi kimoja hakikuacha tarehe; kilibadilisha tukio. Patakatifu, walisema, hapakuwa duniani bali mbinguni, na Kristo alianza huko huduma mpya siku ileile. Kutokana na kikundi hicho lilizaliwa Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863, ambalo wamisionari wake kutoka Ujerumani walifika milima ya Upare mwaka 1903. Wasabato wa leo wanafundisha ujio ulio karibu lakini hawatangazi tarehe. Njia kama hiyo ilitumiwa na wafuasi wa Charles Russell, wanaoitwa sasa Mashahidi wa Yehova: mwaka 1914, walioutazamia kuwa mwisho wa tawala za dunia, ukaja kuelezwa kuwa mwanzo wa utawala wa Kristo usioonekana, mbinguni. Tukio likihamishiwa mahali pasipoonekana, hakuna gazeti linaloweza kulikanusha.

Wakati Miller akihesabu, John Nelson Darby, Mwingereza aliyeacha upadri wa Kianglikana, alikuwa akijenga mpango tofauti. Kwake unabii ulisimama tangu Wayahudi walipomkataa Masihi, na utaendelea baada ya Kanisa kunyakuliwa kwenda mbinguni. Ndipo dhiki kuu ya miaka saba itafuata, kisha vita vya Har-Magedoni. Biblia yenye maelezo ya Cyrus Scofield, iliyochapishwa mwaka 1909, iliweka mpango huo pembeni mwa kurasa za maandiko, na wasomaji wengi wakaacha kutofautisha maelezo na andiko. Sehemu kubwa ya mahubiri ya unyakuo yanayosikika leo katika makanisa ya Kipentekoste ya Afrika Mashariki inatokana na mpango huu.

Mpango huo ulihitaji Israeli iwepo. Tamko la Balfour la 1917, kutangazwa kwa taifa la Israeli tarehe 14 Mei 1948, na kutekwa kwa Yerusalemu ya Mashariki mwaka 1967 viliupa nguvu kubwa kuliko hoja yoyote. Mwaka 1970 Hal Lindsey wa Marekani alitoa kitabu kilichouzwa kwa mamilioni. Alisoma mfano wa mtini katika Mathayo 24 kuwa ni Israeli ya 1948, na kizazi ambacho sura hiyo inasema hakitapita kuwa miaka 40 hivi, hesabu inayofika karibu na 1988. Pembe kumi za mnyama zilikuwa Jumuiya ya Ulaya. Jumuiya hiyo ilifikia wanachama kumi Ugiriki ilipojiunga mwaka 1981, na wapo walioshangilia. Mwaka 1986 wakawa 12, na leo ni 27. Gogu alikuwa Urusi, kwa kuwa Roshi, Mesheki na Tubali za Ezekieli zinasikika kama Urusi, Moscow na Tobolsk. Maandishi ya Waashuri yanayataja mataifa ya Mushki na Tabal katika Anatolia, yaani Uturuki ya leo, na kufanana kwa sauti ndiyo hoja yote iliyobaki.

Mwaka 1988 Edgar Whisenant, mhandisi wa zamani wa shirika la anga la Marekani, alitoa sababu 88 za unyakuo kutokea Septemba mwaka huo. Haukutokea. Umoja wa Kisovyeti ulivunjika mwaka 1991, na kwa miaka michache macho yakageukia Babeli ya Saddam Hussein. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022 Gogu amerudi kaskazini, safari hii akiambatana na Irani, kwa sababu Ezekieli 38:5 inaitaja Uajemi. Kuhusu kizazi, wengine walisogeza mwanzo hadi 1967, wengine wakakirefusha kufikia miaka 70 au 80 kwa kutumia Zaburi ya 90.

Wapo wasiotaja tarehe, wakitosheka na dalili. Hoja yao ni ngumu zaidi kuipima, kwa kuwa Mathayo 24 inataja mambo ambayo hayajawahi kukosekana. Matetemeko yanasemwa kuongezeka. Kumbukumbu za kisayansi tangu mwanzo wa karne ya 20 zinaonyesha wastani wa matetemeko makubwa 16 hivi kwa mwaka, ya kipimo cha 7 na zaidi, yakipanda na kushuka bila mwelekeo wa kuongezeka. Kilichoongezeka ni vituo vya kuyapima, watu wanaoishi mijini, na simu za kuyarusha. Zaidi ya hayo, vita ni dalili kwa Mathayo, na maneno ya amani na salama ni dalili kwa 1 Wathesalonike 5:3. Vita na mapatano vikihesabiwa vyote kuwa ushahidi, hakuna habari inayoweza kupinga. Mathayo 24 yenyewe inasema vita hivyo si mwisho bado, na kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Aya hizo hazipendwi sana kwenye mabango.

Katika Afrika Mashariki, andiko linalogusa maisha ya kila siku ni lile la chapa ya mnyama, ambayo asiyekuwa nayo hawezi kununua wala kuuza. Mistari myeusi ya bei kwenye bidhaa, iliyoanza kutumika madukani Marekani mwaka 1974, ilishukiwa kwanza. Kenya ilipoanza kusajili raia kwa namba mpya ya utambulisho, Huduma Namba, mwaka 2019, uvumi wa 666 ulienea kiasi cha kulazimisha maofisa wa serikali kuukanusha. Baadaye chanjo ya korona ilisemwa ina chipu. Ufunuo 13 unaifunga chapa na ibada: huipokea anayemsujudu mnyama, kwa hiyo haiwezi kupachikwa kwa sindano mtu asijue. Na Huduma Namba ilikuwa na maswali yake ya kweli. Mahakama Kuu ya Kenya iliijadili kwa misingi ya usiri wa taarifa za watu na hatari ya kuwaacha nje wasio na vyeti. Hofu ya 666 iliyafunika maswali hayo badala ya kuyasaidia.

Matarajio ya mwisho huwa ya hatari hasa kiongozi anapowatenga wafuasi na watu wanaoweza kumbishia. Paulo alikutana na chembe ya tatizo hilo Thesalonike, ambako waliodhani siku ya Bwana imekwisha kufika waliacha kazi. Akawaandikia kwamba asiyetaka kufanya kazi, asile. Huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, ambalo viongozi wake walikuwa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, lilitarajia mwisho wa dunia mwisho wa 1999. Mafundisho yake yalitegemea zaidi njozi za Bikira Maria kuliko hesabu za Danieli. Wafuasi waliuza mali zao. Mwaka 2000 ulipoingia salama, manung'uniko yalianza, na tarehe 17 Machi mamia waliteketea ndani ya jengo la ibada lililofungwa. Makaburi ya halaiki yakagunduliwa kwenye nyumba nyingine za kikundi hicho, na hesabu ya waliokufa ikapita 700.

Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi Aprili 2023, na miili zaidi ya 400 ilipatikana, mingi ikiwa ya watoto. Walionusurika walieleza kwamba walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho. Mhubiri wao, ambaye hapo awali alikuwa amehubiri dhidi ya shule na Huduma Namba, alifikishwa mahakamani pamoja na wenzake, wakakana mashtaka. Serikali iliunda kikosi kazi cha kupendekeza namna ya kuyasimamia mashirika ya dini, na mapendekezo ya kuwasajili wahubiri yakazusha ubishi, kwa kuwa kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya kinalinda uhuru wa imani. Sheria inaweza kumshtaki anayeua, anayemnyima mtoto chakula au anayemzuia kwenda shule. Tafsiri ya Danieli 8 haimo katika uwezo wake, na imebaki mikononi mwa makanisa, ambayo kwa sehemu kubwa bado hayafundishi sura hizo ila mhubiri wa kupita anapozifungua.